Migomba ya Imelda

Itaba, Gitega
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa dada Anisia,

Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Muyinga, wewe na shemeji, na Christina wenu anayejiandaa kwa harusi ya Agosti. Sisi tupo, mgongo unauma na usingizi haba, ila tunamshukuru Mungu.

Dada, nimechoka. Wiki nzima nang'oa migomba aliyotuachia baba. Mnyauko umeimaliza, kwa hiyo pombe ya ndizi niliyowaahidi kwa harusi msiitegemee.

Mwezi wa tatu chama chetu cha wakulima kililetewa droni, kale kandege kasiko na rubani, kapige picha mashamba ili ugonjwa uonekane kabla haujasambaa. Crispin, fundi anayekarusha, alinionyesha shamba letu kwenye simu: doa jekundu pembeni, migomba sita. Akaniambia niing'oe siku hiyohiyo, na panga nilipitishe motoni kila ninapokata, lisibebe ugonjwa. Niliwaza harusi, nikajiambia mashine nayo hukosea. Aliporudi kuuliza, nikasema nimeshang'oa.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya Imelda, yule mjane jirani yetu, kusaidiwa kupogoa migomba. Hapa hakuna anayekosa zamu ya mwenzake. Ningekosa, wangeuliza kuna nini kwangu. Nikaenda na panga lilelile nililopogolea migomba yangu, bila kulipitisha motoni.

Sasa migomba ya Imelda yote imenyauka, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wajukuu wanne. Watu wanasema droni ndiyo iliyomwaga ugonjwa. Kesho chama kinakutana kuifukuza, na Imelda mwenyewe alikuja kuniomba: "Kastori, we uko na masomo. Utuandikie barua, ile kandege isirudi tena."

Nikaitikia. Leo nimekaa na karatasi ya barua hiyo ya chama asubuhi nzima, na aibu imenishika hata tarehe nikashindwa kuiandika.

Siyo droni, dada. Ni mimi. Ugonjwa niliupeleka kwa mkono wangu, mgomba baada ya mgomba, huku Imelda akituletea maharage na kunisifu kwamba nakata vizuri kuliko wote.

Msalimie shemeji, na Christina mwambie anisamehe. Kesho kabla ya mkutano nitapita kwa Imelda. Barua hii nampa Sefu, dereva anayekuja huko mchana huu, ujue wewe kwanza, ili nikifika mlangoni kwa Imelda nisiwe tena na pa kurudi.

Mdogo wako,
Kastori