Amefia, amefika

Shoga, nivumilie nikusimulie.

Nilikuwa saluni namsuka mteja. Mdogo wangu alikuwa amempeleka baba kupimwa macho. Macho tu. Ujumbe wake ukaingia kwenye simu, nikasoma: "Baba amefia hospitali."

Amefia. Nampigia, hapokei. Nampigia tena, hapokei. Mteja ananiuliza kulikoni, namwonyesha simu.

Nikampigia shangazi. Nilisema tu, "Baba ametutoka," akaanza kulia, simu ikakatika.

Nikatoka na aproni yangu, mteja nimemwacha kichwa nusu. Nafika hospitali, nani yuko kwenye benchi anasubiri kuitwa? Baba. Ananiuliza, "Umefunga saluni saa hizi?"

Nikamwonyesha mdogo wangu ule ujumbe. Akasema, "Nilitaka kuandika amefika. Si herufi moja tu, dada? Ungeelewa."

Ungeelewa. Na wewe, shoga, ndivyo unavyonijibu kila nikikusahihisha ujumbe.

Kabla sijafungua mdomo, shangazi akaingia peku, analia kwa sauti, marehemu alikuwa hivi, marehemu alikuwa vile. Baba akasimama, akamsikiliza. Kisha akakaa taratibu, ameshika kifua.

Presha imepanda vibaya. Daktari amesema leo harudi nyumbani. Nimekaa kando ya kitanda chake, amelala, shangazi amemshika mguu hataki kuuachia.

Mdogo wangu yuko mlangoni, anawaandikia ndugu kwamba baba amelazwa. Nimemwambia asitume kitu mpaka nisome.