Mstari wa Sita

Jumanne, 26 Septemba 2006

Watu ishirini na mmoja leo. Gari la kupimia macho tumeliegesha pale pale, nyuma ya zahanati, dakika mbili kutoka Ladypool Road, hapa ughaibuni. Kazi yangu ile ile: naandika jina kwenye kadi, naziba jicho moja kwa kibao cheusi, mgonjwa anasoma herufi ukutani, naandika mstari wa mwisho alioweza. Halafu jicho la pili. Kisha Sista Nyaboke anawatia matone na kuwapiga picha za ndani ya jicho, aone kama kisukari kimeharibu kitu.

Bado sauti yangu haitoki. Mzee mmoja kaniuliza mara tatu nimesema nini.

Alhamisi, 28 Septemba

Leo alikuja Bi Zuhura, jirani yetu wa nyumba ya tatu, shoga yake mama. Ana kisukari na bado anafunga, ingawa daktari kamkataza. Nyuma yake, mlangoni, foleni ya wanawake wa mtaani wakisikia kila kitu. Gari lenyewe dogo, hakuna pa kujificha.

Nilimziba jicho. Akanyamaza. Nikamwonyesha herufi kubwa kabisa, ya juu. Kimya. Alianza kucheza na ncha ya mtandio wake. Nikaelewa: hajui kusoma. Bibi yangu mzaa mama yuko hivyo hivyo, Msahafu anausoma vizuri lakini herufi za kizungu hazijui. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu mzima, mbele ya watu wale wenye midomo.

Nikasogea karibu kama ninayemrekebishia kibao, nikamnong'oneza herufi. Yeye akarudia kwa sauti. Mstari hadi mstari, jicho la kulia, halafu la kushoto. Mtu kule mlangoni akasema Bi Zuhura leo atasoma mpaka jina la kiwanda kilichotengeneza bango la herufi. Wakacheka, naye akacheka.

Nikaandika: mstari wa sita, macho yote mawili.

Matone aliyakataa, alisema yanashuka kooni na yeye amefunga. Sista alibishana naye kidogo, kisha akaitazama kadi yangu. Akasema mtu anayesoma mstari wa sita anaweza kungoja hadi baada ya Idi, gari litarudi. Angekuwa hasomi angempeleka hospitali wiki hii hii, swaumu au si swaumu.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimemsitiri mtu mzima. Sijamwambia mama. Najiona mtu mwema, kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mama alinituma kwa Bi Zuhura na bakuli la tambi. Akanishika nifuturu naye.

Alimimina chai huku kidole chake kimo ndani ya kikombe. Chai ya moto. Ilipofika kwenye kidole akaacha kumimina. Nikadhani ni mazoea tu ya kizee. Kisha akanyoosha mkono achukue tende, akawa anaokota ua. Ua lililochorwa kwenye kitambaa cha meza. Aliliokota mara mbili. Sahani ya tende ilikuwa pembeni yake.

Nilikula haraka nikaondoka.

Haoni. Siku ile alikuwa haoni.

Jumanne, 10 Oktoba

Sikusema. Sista kanisifu, eti kadi zangu safi kuliko za msichana aliyenitangulia. Nilikwenda kujifanya napanga sanduku la kadi. Ya Bi Zuhura imo. Mwandiko wangu mzuri, sita na sita.

Mimi ni mwoga. Naogopa kufukuzwa. Naogopa mama atatazamwaje na wenzake. Macho ya Bi Zuhura yanakuja ya tatu katika orodha yangu, na ninajua.

Jumatano, 11 Oktoba

Sikusema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Asubuhi mama kasema Bi Zuhura ameungua mkono jana, akikaanga maandazi ya kupeleka msikitini. Aliweka kiganja kwenye mafuta ya karai akidhani ni sinia la unga.

Nilimwambia Sista kabla hatujafungua mlango. Nilisema yote nikitazama viatu vyangu. Yeye ni Mkisii, ana sauti ya kusikika hadi Stechford anakokaa, lakini hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alitoa kadi akaiweka mbele yangu.

"Haya ni macho yako, Rukia. Yake yako wapi?"

Akapiga simu hospitali palepale. Wamempa nafasi Jumatano. Mimi nimeondolewa kwenye bango. Na akasema habari hii nitampelekea Bi Zuhura mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimekwenda. Mkono wake umefungwa bandeji. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema: nilidhani hujui kusoma, nikataka kukusitiri, na sasa kadi ni ya uongo.

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Mie nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na minane, Unguja. Watoto wa watu nimewashika mkono kuandika a. Wewe ukanitazama mtandio ukasema huyu hajui?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa moja, kumbe ni mawili.

Kisha naye akaniambia lake. Aliponisikia nikinong'ona alidhani nimegundua kwamba haoni na nimeamua kumfichia. Alishukuru Mungu. Mwanawe anataka ahamie kwake Kings Heath, na akijua haoni atampokonya ufunguo na jiko. Matone pia aliyakataa kwa hilo, picha zisije zikamfichua; swaumu ilikuwa kisingizio.

"Tumedanganyana wawili, mwanangu," akasema. "Lakini mie ni mkubwa."

Hilo la mwisho ndilo lililoniliza. Nilikuwa nimekuja kubeba kosa langu, yeye akalichukua nusu.

Jumatano, 18 Oktoba

Nilimsindikiza hospitali, mwanawe alikuwa kazini. Safari hii nilitafsiri kila neno, hata yale ambayo sikutaka kuyasema. Jicho la kushoto lina damu ndani, limeharibika sana, huenda lisirudi. La kulia wamelichoma kwa mwanga wa leza leo leo, na watalichoma tena.

Nilimuuliza daktari kama zile wiki tatu zimeleta tofauti. Akasema hawezi kujua.

Kwa hiyo na mimi sitajua. Nitaishi nayo hivyo.

Jumanne, 24 Oktoba

Idi ya pili. Gari halitoki leo. Kesho nitarudi kufuta ngazi na kuita majina, bango bado siruhusiwi.

Bi Zuhura kaja kwetu na mwanawe. Bado anakaa nyumba yake. Kamwambia mwanawe mwenyewe kwamba haoni.

Mama alitaka kummiminia chai, akakataa. Akachukua birika kwa mkono mzima, akaniita nikae karibu. Safari hii hakutia kidole.

"Niambie ikifika. Ukweli, si ule wa mstari wa sita."

Akaanza kumimina. Nikasema bado. Bado kidogo. Basi.