Ukurasa Uliofungwa Kenya

Jumatatu, 3 Machi
Insha ya Historia nimeimaliza. Maji ya tangi yameisha tena. Wakati wa mapumziko Poni, tunayesoma naye darasa moja, alinionyesha simu yake. Ukurasa mpya mtandaoni. Picha ya duka letu la dawa hapa mtaani Gudele, Juba, Baba mlangoni na koti lake jeupe. Chini yake: Mkenya huyu anawapa watoto wetu sumu. Uongo mtupu. Nilienda chooni nikalia.

Jumanne, 4 Machi
Nilimsindikiza Baba polisi. Afisa alikuwa mpole, hilo ndilo lililonitisha. "Daktari, namba ya aliyeandika ni ya nchi nyingine. Kampuni yenye mtandao huo iko Amerika. Mimi nitamkamata nani?" Ubalozini wakasema kosa limetendeka Juba, turudi polisi. Baba alicheka. Sikukipenda kicheko kile.

Alhamisi, 6 Machi
Duka limefungwa tangu jana. Mtu ameandika MUUAJI mlangoni kwa mkaa. Mama alilisugua neno hilo kwa sabuni kabla Baba hajaliona.
Nimesoma masharti ya kampuni hadi mwisho. Nadhani Gudele nzima ni mimi peke yangu niliyeyasoma. Kuna fomu ya kuomba ukurasa uondolewe. Inauliza: sheria ya nchi gani imevunjwa? Chagua moja. Nilikaa nayo saa nzima. Baba ni Mkenya, pasipoti yake ni ya Kenya, na sheria ya mtandao ya Kenya nimewahi kuisoma. Nikachagua Kenya. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Ukurasa umeondoka! Kampuni imeandika kwamba ombi limekubaliwa. Sikusoma zaidi, nilikimbia kwa Baba. Akatafuta kwenye simu yake, ile yenye laini ya Nairobi anayoing'ang'ania kwa ajili ya Nyanya. Hakuna kitu. Shangazi yuko Kisumu, naye hauoni. Nikakiri kwamba ni mimi. Baba akanishika kichwa. "Wakili wangu." Kesho anafungua duka.
Sijawahi kujivunia kitu hivi.

Jumanne, 11 Machi
Nitaandika kwa mpangilio.
Mapumziko. Nilimwambia Poni atafute ukurasa, ajionee. Upo. Kwenye simu yake upo. Maoni ya asubuhi hii: Amefungua tena. Twendeni.
Nikaisoma tena barua ya kampuni. Tumeuzuia ukurasa huu nchini Kenya. Nchini Kenya. Laini ya Baba inapitia Nairobi hata akiwa Juba. Kwake umetoweka. Kwa majirani wote haujaenda popote.
Mimi huomba ruhusa hata ya kuchonga penseli. Leo sikuomba. Nilitoka getini nikapanda boda hadi dukani.
Nimekuta vioo chini na watu wengi. Mama Poni, anayeuza chai jirani na duka, alikuwa amesimama mlangoni na birika la moto mkononi. Alikulia Uganda, Kiswahili chake nakijua. "Huyu iko alitibu mtoto yangu! Mtu ataguza yeye, ataguza mimi kwanza!" Hawakumgusa. Lakini Baba alikuwa ameshapigwa jiwe usoni. Tulimtoa kwa mlango wa nyuma.
Ni mimi niliyemwambia ukurasa umeondoka.

Ijumaa, 14 Machi
Tuko Atlabara, mtaa mwingine wa Juba, kwa rafiki yake Baba. Macho ya Baba yote mawili yamefungwa bandeji mpaka Jumatatu. Mama anakunja nguo. Hajasema ni za safari.
Nimejaza fomu upya. Sudan Kusini. Wamejibu leo: wanataka amri ya mahakama, nayo ipitie kwa serikali mbili, ya hapa na ya Amerika. Nimemuuliza mwenye nyumba, aliyesomea sheria, itachukua muda gani. Akaniuliza kama pasipoti zetu bado ni halali.
Baba hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.
Asubuhi alinituma nimnunulie laini ya hapa. Nikaiweka kwenye simu yake. Jioni, tukiwa tumekaa kibarazani, aliniomba nimsomee kama kuna maoni mapya kwenye ule ukurasa.
Nikatazama. Yalikuwa mengi, na moja lilitaja Atlabara.
Nikamwambia hakuna.
Akasema vizuri, akaomba chai.