Fundo Nililomfundisha Koku

Jumatatu, 17 Juni
Nimekagua viatu vya Koku tena. Asubuhi ya tatu hii. Niliviinamia mpaka nikaiona pua yangu kwenye ngozi, nikamwambia bado. Havikuwa bado. Ila mjukuu akijua amemaliza, anakwenda kukaa na simu.

Yuko likizo kwetu. Shuleni kwao Bukoba kuna kundi la wanamaji chipukizi, na Jumamosi ya tarehe 29 wanapimwa. Sare, gwaride, vyeo, taa za chombo, mafundo. Anayefaulu anakwenda safari ya mafunzo ziwani. Anayeshindwa anabaki nchi kavu mwaka mzima, akiwapungia wenzake mkono. Koku halali vizuri. Mimi pia. Yeye kwa hofu, mimi kwa kibofu.

Amenichagua mimi niwe mwalimu kwa sababu kijiji kizima kinaniita Kapteni. Ujanani nilifanya kazi kwenye meli ya Bukoba na Mwanza. Hiyo ni kweli. Iliyobaki inajulikana na daftari hili tu: nilikuwa jikoni. Miaka minne namenya ndizi. Usukani niliuona mara moja, nikipeleka chai.

Jumatano, 19 Juni
Koku kanisomea kijitabu chake cha mafunzo: taa nyekundu upande wa kushoto, kijani kulia. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Nilikuwa sijui. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa. Saluti nayo kanifundisha yeye, nami nikadai nilikuwa namjaribu.

Adela, mke wangu, alipita na ungo, akatutazama, akacheka peke yake. Kicheko kile sikukipenda.

Mgongo wake unamsumbua, kwa hiyo ndizi za mchana nimemenya mimi. Nyuma ya nyumba, kama kawaida. Hapa kwetu mwanamume akionekana anamenya ndizi, habari inafika Kimwani, kule mbali, kabla hazijaiva.

Ijumaa, 21 Juni
Leo mafundo. Hapo ndipo najidai. Kitanzi cha kuokolea mtu: anavishwa aliye majini, kiunoni, kisha anavutwa. Nikamwambia weka kijitabu, tazama mikono ya babu. Tulitumia kamba ya mgomba iliyoloweshwa, ile ile ninayofungia mizigo kibanjani, kwenye shamba langu la migomba. Ncha unaisokota mara mbili, unaichomeka. Ikikauka, hata ng'ombe hawezi kuifungua.

"Babu, kwenye picha ncha inazunguka nyuma ya kamba kubwa."

"Aliyechora hiyo picha amewahi kukanyaga meli?"

Akafunga mpaka vidole vikawa vyekundu. Sasa ni mwepesi kuliko mimi. Nimejisikia mtu mkubwa. Usiku nikajisikia mjinga, sijui kwa nini.

Jumapili, 23 Juni
Misa. Padre kahubiri juu ya uongo. Nilihesabu mbao za dari. Koku alikuwa anafunga fundo langu kwenye pindo la kitenge cha bibi yake.

Alhamisi, 27 Juni
Ameondoka na basi la asubuhi. Alipiga saluti mbili, moja yangu, moja ya mbuzi. Wakifika wanakabidhi simu kwa mkufunzi mpaka jaribio liishe.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimeng'arisha viatu vyangu. Vya kwenda wapi?

Ijumaa, 28 Juni
Kamba ya mbuzi imekatika. Nikamfunga kwa ya nailoni, fundo langu lile lile. Haikupita saa moja, yumo kwenye maharage ya jirani yetu Mama Justina, na Mama Justina yumo kwenye matusi.

Nikafunga upya, nikavuta mwenyewe. Likateleza kama kambare. Likafunguka lote. Nailoni hailoi, haikauki, haishiki. Miaka yote hii kamba ya mgomba ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, si mimi.

Nikakaa chini, penye mavi ya mbuzi. Kesho mtoto wa watu atakuwa ndani ya ziwa, na kiunoni ana fundo langu.

Simu ya Koku imezimwa. Ya shule inaita, hakuna anayepokea.

Nimemwambia Adela yote. Jiko, ndizi, miaka minne. Hata hakuacha kuchambua maharage.

"Wewe mzee, nilijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Niliugua, ukamenya mkungu mzima kabla maji hayajachemka. Kapteni gani huyo?"

Maisha yote hayo alikuwa amenyamaza. Mwanamke hatari.

Kesho basi la kwanza.

Jumamosi, 29 Juni
Basi lilikaa Muleba mjini likingoja abiria. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Kondakta: "Mzee, tulia, ziwa halihami." Nikamwambia halihami lakini linazamisha. Akanitazama vizuri, akagonga bodi, tukaondoka.

Bukoba, pikipiki mpaka ufukweni. Wamejipanga, weupe kama yangeyange. Kijana mmoja yuko majini, maji kifuani, kitanzi kiunoni. Koku ameshika kamba. Nailoni ya bluu.

Nikakimbia. Mkufunzi ni binti mfupi, sauti kama kengele ya kanisa. "Mzee! Simama hapo hapo!" Nikasimama. Nikapiga saluti. Mkono wa kushoto, kwa woga.

"Afande, hilo fundo bovu. Nimemfundisha mimi. Mimi si baharia. Nilikuwa namenya ndizi jikoni."

Wakacheka wote. Koku hakucheka. Aliangalia mchanga. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mkufunzi akaivuta kamba mara moja. Fundo likaachia. Kicheko kikafa.

"Kijitabu kinasemaje?"

"Ncha inazunguka nyuma ya kamba kubwa, inarudi ilikotokea, Afande."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

"Babu aliniambia, Afande."

"Majini hakuna babu. Kuna fundo. Nenda mwisho wa mstari."

Alama zikakatwa. Zamu yake ikafika tena. Akafunga, akafungua, akafunga. Kijana akaburutwa mpaka mchangani, anatema maji, analalamika linabana. Lilishika.

Jina la Koku lilisomwa la mwisho kati ya waliofaulu. Nilipiga kelele. Nikaambiwa ninyamaze.

Alinisindikiza stendi. Tulipofika akasema: "Babu, ungeniambia tu." Nikatazama viatu vyake. Mchanga mtupu.

Baadaye akauliza, "Mikungu mingapi kwa siku?"

"Saba. Siku za sikukuu kumi."

Akaguna. Halafu akachuchumaa, akafungua kamba ya kiatu changu, akanifundisha kile kitanzi.

Jumatano, 3 Julai
Mbuzi amefungwa kwa nailoni. Fundo la kijitabuni. Nimekwenda kulivuta mara tatu tangu asubuhi. Limeshika.

Leo sikwenda nyuma ya nyumba. Nimeweka kigoda barazani, upande wa njia. Kisu, sinia, mkungu. Mama Justina akapita, akasimama.

"Kapteni! Umeolewa?"

"Niko zamu."

Akaenda zake, mbio kidogo. Adela akatoka na kigoda chake, akaketi karibu, mgongo kwenye ukuta. Hakushika kisu. Nimemenya mpaka sinia likajaa.