Jinsi Tulivyoishusha Motokaa ya Bwana Chimanlal

Ghala la mbata la Bwana Chimanlal,
Malindi.
2 Machi 1913.

Mpendwa kaka yangu Lewa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Nairobi, kifua kimepoa, na ile baridi unayoilalamikia imepata mtu mwingine wa kumsumbua. Sisi huku hatujambo. Joto la kaskazi limetukalia mpaka kuku wanatembea midomo wazi, lakini ni joto letu, hatulishtaki. Mama hajambo kule Adu. Mke wangu Priscilla hajambo, anakuamkia, na anauliza kama watu wa karakana ya reli mnapika au mnachomea ugali pamoja na vyuma. Mimi sijambo, ila bega, na habari ya bega utaipata mbele.

Uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli Malindi kuna motokaa iliyokatwa miguu, na mama alisema nini aliposikia umeiahirisha tena safari yako. Nitaanza na motokaa, maana ndiyo rahisi.

Unamkumbuka yule Mzungu wa shamba la mpira. Bei ya mpira ilianguka, naye akaanguka pamoja nayo. Alipoondoka aliuza kila kitu, hata hodhi lake la kuogea, ambalo sasa mbuzi wanalinywea maji. Motokaa yake aliinunua Bwana Chimanlal, tajiri wangu. Wanasema huko Ulaya ilikuwa ya mashindano, ikazeeka, ikaletwa huku kupumzika. Haikupumzika. Pua yake ni ndefu kama jeneza la watu wawili, na injini iliyomo ikiwashwa, vyombo vya Kache muuza vitumbua, ng'ambo ya njia, hucheza vyenyewe. Tena ilikuwa juu kama ngamia. Siku ilipofika, dereva aliisogeza mno nyumbani kwa tajiri, na ukingo wa sakafu yake ukakwaruza chokaa ya baraza kutoka pembe hadi pembe. Shika hapo hapo habari ya mkwaruzo huo, kaka. Sisi hatukuushika.

Dereva mwenyewe ni Gulamhussein, fundi kutoka Mombasa, mtu anayezungumza na injini kwa upole na wanadamu kwa ukali.

Mji mzima ulisema tajiri amenunua majivuno. Mimi ninayekaa ghalani na kusikia ya ndani najua kwamba alimnunulia mama yake, Bibi Chanchalben. Mumewe, marehemu mzee Shantilal, alipofariki alichomwa kwa desturi yao, na majivu yake yakapelekwa Sabaki, pale mto unapoingia baharini. Wanawake wao hawafuati mazishi. Bibi alibaki nyumbani na wenzake, na hakupaona mahali mumewe alipoagwa. Alikuwa akisema ataenda, ataenda. Kisha magoti yakamwishia nguvu. Sasa hutembea mle ndani tu, penye sakafu ya sawasawa, akishika ukuta. Mwaka huu amepungua mwili, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, na ombi lake limebaki moja: ayaguse yale maji kabla hajaitwa.

Utasema, si wambebe? Hataki. Kwao maiti ndiye hubebwa mabegani, na mtu mzima akibebwa mapema ni kama anajiitia. Mwanawe alipomtajia machila, alimjibu, "Mtanibeba siku moja, Chimanlal, na siku hiyo sitakuwa na haja ya kutazama njia. Hii nataka kuitazama." Gari la ng'ombe alilijaribu zamani, likamvunja kiuno kabla halijafika sokoni. Ikabaki motokaa, na motokaa iko juu.

Basi tajiri akamwambia mama yake ainue mguu, pale uani, kadiri awezavyo. Akauinua. Tajiri akatia alama ya mkaa ukutani, akatuita mimi, Gulamhussein na Dena mhunzi wa Kibarani, akatuonyesha ile alama kama hakimu anayeonyesha mpaka wa shamba. "Ubao wa kukanyagia ufike hapa," akasema. "Si juu yake."

Hapa nakuandikia wewe mtu wa vyuma, kwa hiyo usinicheke. Motokaa hukaa juu ya springi, vyuma virefu vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine, na chini ya springi ndipo hupita ekseli inayoshika magurudumu. Gulamhussein alisema tukiitoa ile ekseli chini ya springi na kuipitisha juu yake, mwili wote utashuka. Dena akasema tupunguze pia vyuma viwili katika kila springi. Wakabishana mpaka jua likahama. Kisha wakafanya yote mawili, maana kila mmoja alikuwa ameshaapa. Mwili wa motokaa tuliuegemeza juu ya magunia ya mbata, Dena akafua vishikizo vipya, akaufupisha mnyororo wa magurudumu ya nyuma, nami kazi yangu ilikuwa kushika mbao kwa bega, hili linaloniuma hadi leo, na kuambiwa sishiki vizuri.

Ilipotua chini, kaka, ilikuwa imebadilika kabisa. Ililala juu ya njia kama paka aliyeona kitu majanini. Ubao ulifika kwenye alama ya mkaa sawasawa. Nikajikuta nazungumza kwa sauti ya chini, sijui kwa nini. Hata Gulamhussein alimsifu Dena, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo.

Asubuhi ya safari mtaa wote ulijaa. Prabhavati, mke wa tajiri, alimtoa mama mkwe wake polepole mpaka ukingoni mwa baraza, amevaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, na mkononi ana maua kidogo yaliyofungwa katika kitambaa. Motokaa ikasogezwa mbele yake. Bibi akatazama chini. Akaendelea kutazama chini.

"Chimanlal," akasema, "nitafikaje huko?"

Hapo ndipo sote tuliziona zile ngazi za baraza. Tajiri alikuwa amepima mguu wa mama yake uani, kama kwamba mama angepanda kutoka njiani. Lakini bibi haishi njiani. Anaishi juu, ndani, na baraza yake iko juu kupita kimo cha mtoto, na kushuka ndiko magoti yake yasikokuweza kabisa. Sisi wenye magoti tunazishuka ngazi zile kila siku bila kujua kama zipo. Naye bibi hakusema neno siku zote za kazi, kwa kuwa alidhani mafundi wana njia yao.

Kisha Dena akauona ule mkwaruzo wa chokaa. Akautazama, akaitazama motokaa. Tukageuza shingo sote. Ilipokuwa juu kama ngamia, sakafu ya motokaa ile ilikuwa sawa kabisa na baraza. Bibi angevuka kama anayetoka chumba kimoja kuingia kingine.

Tulijaribu kuegemeza mbao ziwe mteremko. Bibi akaweka mguu, goti likakataa, akarudi nyuma amemshika Prabhavati kwa mikono miwili. Uso wake ulijifunga. Alisema arudishwe ndani, na alisema hivyo bila hasira, jambo ambalo lilituumiza zaidi. Tajiri akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Kuirudisha motokaa juu ni kazi ya siku nyingi, na kila aliyekuwa pale alikuwa ameisikia ile sauti ya uzi.

Kache alikuwa anageuza vitumbua vyake. Hakuinua kichwa. "Nyinyi wanaume, gari mmelishusha. Si mpandishe njia?"

"Njia inapandishwaje, mama?" Gulamhussein akamuuliza kwa ukali wake.

"Kwa mchanga, baba. Au Mombasa mchanga umewaishia?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mtu akaenda kuchukua kikapu. Sijui nani alikuwa wa kwanza. Makuli wa ghala walitoka na makarai, wanawake wakatoka na vikapu vya nazi, muuza samaki akamwaga samaki wake juu ya jani na kuja na tenga tupu linalonuka. Mchanga wa pwani ulipanda mbele ya nyumba ya Bwana Chimanlal, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa, ukamwagwa tena. Kabla jua halijafika utosini mtaa wetu ulikuwa na kilima. Tukatandika mbao, motokaa ikanguruma, ikapanda, ikatulia ubavuni mwa baraza. Bibi Chanchalben akatoka tena. Akainua mguu kidogo tu, akavuka, akaketi. Hakuna aliyeshangilia. Kache peke yake alipenga kamasi.

Sasa, kaka, nitakueleza safari, ingawa nikiikumbuka naona kama niliota. Nilikaa nyuma na mbao zangu. Gulamhussein alishika injini ile ya mashindano kama mtu anayemshika fahali katikati ya harusi, taratibu, taratibu, maana tumbo la motokaa lilikuwa linalamba mchanga, na katika kila tuta ulisikia mnong'ono chini ya miguu yetu. Nyumba zikaisha. Minazi ikaisha. Majani ya njiani yalikuwa marefu, na kwa vile tulikuwa chini, yalikuwa sawa na kiti. Bibi alitoa mkono nje. Majani yakapita kiganjani mwake, mengine na mengine, naye amefumba macho nusu. Motokaa haikuonekana kwenda. Nchi ndiyo iliyokuwa inapita, ikimpa mkono kama wageni msibani. Mimi mwenyewe nilisahau bega.

Pale Sabaki maji yalikuwa yamepwa, na mto unaingia baharini mwekundu, mpana, hauna haraka. Ng'ambo mamba walikuwa wanaota jua na kututazama kama wenye duka wanaomtazama mteja asiyenunua. Gulamhussein akaisimamisha motokaa pale mchanga ulipoanza kulowa.

"Mwisho hapa," akasema. "Mbele ni chumvi. Chumvi itaila injini, na mchanga utakula kilichobaki."

Maji yalikuwa mbele yetu, mbali kidogo tu kwa mwenye miguu. Bibi aliyatazama. Hakuomba. Alikifungua kile kitambaa cha maua, akakifunga tena.

Tajiri ni mtu wa hesabu, nimemtumikia muda mrefu, na nilimwona anavyoitazama motokaa yake, pua yake ndefu, shaba zake alizokuwa akizisugua mwenyewe Jumapili. Kisha akasema, "Ingia."

"Bwana Chimanlal, haitatoka."

"Nimesikia. Ingia."

Tukaingia. Maji yakashika mipira, yakapanda taratibu, yakaulamba ubao wa kukanyagia. Injini ikakohoa, ikasema neno moja la mwisho, ikanyamaza. Na katika ukimya ule bibi aliinama upande wake, akateremsha mkono, na mkono ukafika. Motokaa ingekuwa juu kama alivyoiacha Mzungu, usingefika. Ukaingia maji mpaka kiwiko. Maua yakatoka kwenye kitambaa, yakazunguka kidogo kama yanayotafuta mtu, yakashika njia ya baharini.

Akasema maneno machache kwa lugha yao, polepole, kama mtu anayeingia nyumbani na kumkuta mwenzake macho. Tajiri akageuza uso. Gulamhussein, anayeijua lugha ile, akatoa leso yake yenye mafuta na kuanza kuisugua shaba isiyokuwa na uchafu.

Masha, mfugaji wa ng'ambo ya mto, alituona, akaja na ng'ombe wake akatuvuta kabla maji hayajajaa. Tulirudi mjini tumefungwa nyuma ya mikia, bibi ameshikilia mkono wake mbali na nguo, hataki ufutwe.

Njiani nilimuuliza Gulamhussein bibi alisema nini. Aliikunja kwanza leso yake. "Kamwambia mzee amsamehe kwa kuchelewa," akasema. "Kasema ni mafundi."

Injini ndiyo imekufa, kaka. Kama huko karakana mnajua dawa ya chumvi, niandikie, ingawa simwoni mtu mwenye haraka. Ng'ombe waliivuta mpaka juu ya kilima chetu, ubavuni mwa baraza, na imekaa hapo. Kila alasiri bibi huvuka na kuketi ndani yake, mkono nje. Njia imezibwa, hamali wanazungukia nyuma ya ghala, wanatukana kwa sauti ndogo ili asisikie. Kilima hakuna aliyethubutu kukigusa.

Sasa lile la pili. Nilipomweleza mama kwamba umeahirisha, aliendelea kupepeta mahindi. Baadaye aliniuliza kama garimoshi lina ngazi za kushukia, na kama ni ndefu. Nikamwambia sijui. Akasema akisikia unakuja, atatembea kutoka Adu mpaka Malindi akupokee, na ninaamini anaweza, maana bado ananishinda kupanda mlima. Lakini safari hii nilimwona anaegemea mlango kidogo kabla ya kuuvuka.

Njoo, kaka. Njoo wakati bado anashuka mwenyewe, tusije tukaanza kuita mafundi.

Wasalimie Kahindi na wenzako wote wa karakana. Dena mhunzi anakusalimu na anasema springi zako za reli hazimtishi. Kache anakusalimu, anasema vitumbua vyako atakuwekea, ila hatakuwekea mwaka mzima. Priscilla anakusalimu tena, kwa kuwa anaona mara ya kwanza niliandika vibaya. Mama anasema salamu zake atakupa mwenyewe kwa mkono.

Mungu akulinde katika moto na vyuma, akusawazishie kila njia inayoelekea nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Katana