Reli Yangu Inatafuta Makao

Jumatano, Gitega. Ukungu mpaka saa tatu, halafu jua la kinafiki, linang'aa bila kupasha joto.

Leo nimeamua. Peke yangu, bila kushauriwa na mtu, kama wanaume wa zamani. Nimesimama katikati ya nyumba, nimesema karakana itakuwa mahali fulani, na wote wamenyamaza kwa heshima.

Uongo. Hakuna aliyenyamaza. Mke wangu Mwajuma alicheka mpaka maharage yakaungua, na aliyeamua kwanza ni binti yangu Zawadi. Mi nilifuata nyuma nikijifanya ndiye niliyetangulia. Lakini shajara ni yangu. Acha nianze nikiwa mkubwa, nitapungua mwenyewe kadiri tunavyokwenda.

Kwa anayesoma leo mara ya kwanza: mimi ni Mzee Rajabu, fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa, nje bati, ndani tumbo la udongo. Shule niliishia darasa la nne, tena huko Tanzania tulikokimbilia nikiwa mtoto. Ukurasa huu Zawadi alinifungulia ili niandike habari za biashara. Mi naandika habari zangu. Biashara itajiandikia yenyewe.

Shida yetu ni hii. Tangu turudi Burundi, kazi naifanyia uani kwangu, chini ya mabati manne, kati ya kamba ya nguo na choo. Nilipokuwa peke yangu palitosha. Sasa tuko wanne, mimi na mafundi watatu, maana watu wamerudi, wanajenga, na anayejenga lazima apike. Hatuna tena pa kukaushia udongo. Juzi Mwajuma alitandaza shuka zake juu ya mbabula kumi na mbili mbichi, akasema alidhani nimemtengenezea kichanja cha kuanikia.

Na kelele.

Jirani yangu, Mwalimu Anselmi, anasahihisha madaftari hatua nane kutoka kwenye nyundo zetu. Ni mtu mpole. Alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akaenda kwa shefu wa mtaa. Shefu akaja kwangu na adabu zake zote: mwisho wa mwezi huu nyundo zitoke uani. Sikukasirika. Yaani nilikasirika siku mbili tu. Siku ya tatu nilimkuta Mwalimu kwenye bomba la maji, nikamwuliza kama anajua uzito wa ile reli yangu anayotaka nihame nayo.

Akajibu mbele ya watu, "Mzee Rajabu, siku utakayohama, hiyo reli nitaibeba begani mwangu mwenyewe!"

Wenye ndoo walicheka. Nami nilicheka. Maneno yale niliyaweka mahali pakavu.

Reli yenyewe ni kipande cha chuma cha treni, urefu wa hatua moja. Ndipo tunapopigia bati. Niliipata Kigoma, usiniulize vipi. Wakati wa kurudi kwa malori kila familia iliambiwa ichague mizigo michache. Wenzangu walichagua magodoro, mi nikachagua reli. Ofisa wa mpakani akauliza ni nini kimelala ndani ya blanketi. Nikamwambia ni mama mkwe, mgonjwa. Akainua kona, akatazama chuma, akanitazama mimi. "Pole sana," akasema, "naona amekwisha kukakamaa." Akatupitisha. Mwajuma alilala chini miezi mitatu kwa kukosa godoro, na hadithi hiyo huwasimulia wageni kabla hawajakaa.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama natafuta chumba cha kazi, nawajibu kwamba natafuta pa kuilaza reli. Sisi wengine tutakaa pembeni yake.

Zawadi alipata chumba hapa Gitega, kando ya lami. Sakafu ya simenti, umeme, mlango wa chuma unaofungika bila kupigwa teke. Mwenye nyumba alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akatuletea soda, akauliza, "Kelele haitakuwepo, mzee wangu?"

Nikamwambia hata kidogo, sisi bati tunalibembeleza.

Zawadi alinikanyaga mguu. Ilibidi niseme kweli. Mwenye nyumba akasikitika sana. Kuuza tungeweza, kupaka rangi tungeweza, kupiga nyundo hapana, kwa sababu mpangaji wa chumba cha nyuma ni mng'oa meno, na wagonjwa wake wanaogopa tayari. Nilimwelewa. Mtu amefungua kinywa, halafu ukuta wa pili unasikia nyundo!

Basi ikabaki Muyinga.

Jina hilo nililikwepa wiki nzima. Zawadi akilitaja, mi naomba chumvi.

Muyinga nina nusu ya paseli, yaani kiwanja. Baba yangu alikuwa nayo nzima. Tulipokimbia, akaja kukaa mtu mwingine, Melkiori. Hakumfukuza mtu, alikuta pori na ukuta ulioanguka, akalima. Niliporudi na mvi zangu nikamkuta ana watoto na migomba. Bashingantahe, wazee wa usuluhishi, walikaa siku mbili, wakatusikiliza, wakapanda ua wa miti ya miyenzi katikati ya kiwanja: huku ni kwako, kule ni kwake. Tukashikana mikono. Mi nikaja zangu Gitega kwa shemeji zangu, na miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Muyinga hakuna soko la mbabula.

Uongo wa pili, na siku haijaisha. Soko liko. Nusu ya mbabula zangu zinakwenda huko, zinafika mpaka Mwakiro, na mafundi wangu wawili ni wa huko huko, kila mwezi wanaomba ruhusa ya kwenda kuwaona wake zao. Kilichoniogopesha ni ule ua. Niliogopa kuamka asubuhi nikute Melkiori ananitazama, nami namtazama, kila mmoja anahesabu migomba ya mwenzake kimoyomoyo mpaka tufe.

Nimeiandika. Sasa inajulikana.

Jana tulikwenda, mimi na Zawadi. Fundi wa mbabula hachagui mahali kwa macho. Anawasha mbabula mpya katikati ya kiwanja, anakaa chini, anatazama moshi. Moshi ndio unaokuambia upepo unaingilia wapi, na udongo uuweke upande gani ukauke polepole. Upepo ukiupiga upande mmoja tu, unapasuka, na kazi ya wiki umewapa kuku wachakure. Kwa hiyo nilibeba mbabula, nikabeba makaa, na tulipofika nikamwambia Zawadi nimesahau kiberiti.

Alinitazama. "Baba. Fundi wa moto amesahau kiberiti?"

"Uzee, mama. Uzee."

Nieleze kidogo kwa vijana wa simu. Kwetu moto huombwa kwa jirani, Kirundi tunasema kurahura. Unakwenda na kigae, unapewa kaa moja au mawili, unarudi ukikimbia kabla halijazimika. Jirani hakunyimi moto ila akiwa na kinyongo nawe. Mama yangu marehemu, kila tulipohamishwa kule ukimbizini, hakuuliza kwanza maji yako wapi. Alikwenda kuomba moto nyumba ya karibu. Akipewa, alirudi kufungua mizigo. Akinyimwa, tulilala na mizigo imefungwa.

Nikaokota kigae, nikapita kwenye upenyo wa miyenzi. 

Melkiori alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Ni mzee kama mimi, ila ana meno yote, jambo ambalo sijamsamehe. Nikapiga hodi, nikanyoosha kigae, nikaomba moto.

Akanitazama muda wa kupukuchua gunzi zima. Halafu akainuka, akaingia jikoni. Sikujua kama amekwenda kuchukua moto au panga. Akarudi na koleo limebana kaa jekundu. Nikainama kulipokea. Nilipoinama, ndani ya koti langu kitu kikalia: chaka, chaka, chaka.



"Muzehe," akasema Melkiori, "koti yako inalia."

"Dawa zangu za kifua."

Akanyoosha kidole penye mfuko, ambako kona ya kiberiti ilikuwa imechungulia nje kama panya. "Siku hizi dawa ya kifua inawashwa kwa njiti?"

Ee Mola wangu. Umri huu, na aibu ya mtoto mwizi wa sukari. Lakini yule mtu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kaa likaanguka chini, ikabidi arudi kuchukua lingine. Aliporudi hakuwa anacheka tena.

"Chukua. Chukua hata mbili. We uliogopa mi nitakunyima?"

Mimi, ninayejulikana kutoka Gishubi mpaka Nyarusange kwa mdomo wangu, nilitafuta pa kukimbilia. Nikaigeukia mbabula yake iliyokuwa hapo barazani, imepasuka pande tatu, imefungwa kwa waya. Nikamwuliza, "Hii uliinunua au ulirithi kwa adui?"

"Ni ya sokoni. Za kwako zinatushinda bei."

"Utapata yangu. Hiyo mpe adui yako."

Halafu nikamwambia kweli, kwa mara ya kwanza jana. Kwamba tukija tutakuwa wanne. Kwamba nyundo zinaanza asubuhi mpaka saa kumi. Kwamba Gitega mtu mpole amenishtaki, na alikuwa na haki.

Melkiori aliokota gunzi lake. Akasema polepole, huku akitazama ule ua, "Upande yako iko kimya tangu wazee wapande hii miyenzi. Kila asubuhi mi nasikia hiyo kimya. Iko inanisema. Leta nyundo, muzehe. Mi nitalala vizuri."

Nilirudi nikikimbia na kigae. Moshi nikasema ndio uliniingia machoni, na kwa nusu ilikuwa kweli.

Mbabula iliwaka. Moshi ulipanda wima, ukafika usawa wa miyenzi, ukainama kuelekea bondeni. Pazuri. Udongo utakauka upande wa juu, penye kivuli cha mparachichi wa Melkiori unaovuka ua bila kuombwa ruhusa. Moshi kidogo ulikwenda nyumbani kwake. Nilimsikia akikohoa, halafu akapiga kelele kwamba hakuna shida. Tutajenga ukuta mfupi pale.

Tukiwa bado tumechuchumaa, Zawadi akasema, "Kupiga huku, kuuza kule." Yaani Gitega tuchukue ile sehemu ya mbele tu ya chumba cha lami, tupange mbabula zilizokwisha, yeye akae hapo apokee wateja, mng'oa meno asisumbuliwe. Nikasema wazo zuri, tukamwulize mwenye nyumba. Akasema alishamwuliza Jumapili. Binti huyu ananichunga kama mbuzi anayedhani ndiye anayeijua njia.

Leo ndipo nikatangaza nyumbani kwa kishindo, kama nilivyojisifu pale juu. Mwajuma alipomaliza kucheka akasema, "Baba Zawadi, mimi nimehamishwa na vita, nimehamishwa na kambi. Sitahamishwa na mabati." Basi nitakuwa nakwenda peke yangu na mafundi, Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilitegemea angalau atainamisha kichwa. Akahesabu siku vidoleni, moja, mbili, tatu, nne, akasema, "Alhamdulillahi."

Lakini jioni hii nimeona amekunja lile blanketi, lile la mama mkwe mgonjwa, ameliweka juu ya sanduku langu la vifaa.  

Je, nina uhakika? Sina. Watoto wa Melkiori sijawaona. Labda wao hawana kicheko cha baba yao. Labda mvua ya kwanza itatufundisha ukuta ulipaswa kuwa wapi. Ila kiwanja kile nilitoka nikiwa mgongoni kwa mama, analia, mi sijui analilia nini. Kurudi na nyundo mkononi, na wanaume watatu wanaonitegemea wakibishana nani atapanga udongo, si vibaya kwa mtu wa darasa la nne.

Mama angefungua mizigo.

Sasa, Mwalimu Anselmi. Najua unausoma ukurasa huu. Zawadi kaniambia unasahihisha makosa yangu kichwani kwa wino mwekundu. Msimu wa mvua uliopita niliziba bati la jikoni kwako, ukaniuliza unilipe nini, nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Jumamosi saa moja asubuhi pikapu itasimama barabarani, maana kichochoroni kwetu haipiti. Kutoka uani ni hatua sitini, nimezipima. Sidai bega zima ulilojigamba nalo pale bombani, mbele ya wenye ndoo. Nipe nusu tu. Shika ncha ya nyuma ya reli, mi nitashika ya mbele.