Mkate wa Madirisha

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Basi ni sukari. Daktari kasema leo, na Makame kakaa pale kitini kama mtu aliyesingiziwa wizi. Kidonda cha mguu hakiponi kwa sababu damu imejaa sukari. Mkate basi. Wali basi. Ugali, ndizi, viazi, chapati, chai tamu — basi. Nikauliza, sasa mume wangu ale nini, nyasi? Daktari hakucheka. Akasema tukiendelea hivi atakatwa mguu. Si kidole. Mguu.

Njiani tukapitia sokoni na Makame. Pale akasema mtu yeyote asijue. Halafu akanunua andazi. Nimelitupa mtaroni akiona.

Jumatano, 5 Aprili

Yule nesi wa Kideni wa nyumba ya nyuma anahamishwa na shirika lake, anagawa vitu. Zulfa jirani kapata feni, umeme wenyewe wa kubahatisha. Mimi nimepewa chuma. Mabamba mawili yenye bawaba, mikono mirefu, ndani miraba miraba. Kwao wanamimina rojo, wanabana, wanaweka motoni, unatoka mkate. Anauita wafo. Kizito hicho, ukimpiga nacho mtu umeua.

Nimewaza jambo. Ngano imekatazwa. Mahindi yana utamu, hilo naelewa. Lakini muhogo wa huku ni mchungu, mpaka uloweke uvunde ndipo ulike. Kitu kichungu sukari kitaipata wapi? Daktari hakuutaja muhogo hata mara moja. Kesho naoka.

Alhamisi, 6 Aprili

Umetoka! Mweupe, una vyumba vyumba kama madirisha. Mgumu kidogo. Nimebana nyama ya kusaga katikati ya miwili, Makame kala. Anasema ni kama kutafuna kandambili, ila afadhali kandambili kuliko gongo la kutembelea. Nimemfungia mingine kwenye gazeti aende nayo dukani kwake, asipite kwa mama ntilie. Nimefurahi mno leo.

Jumanne, 11 Aprili

Sukari imepanda.

Daktari akauliza nampa nini. Nikamweleza habari ya muhogo, kwa majivuno kabisa. Akavua miwani. Uchungu hauhusiani, kasema, muhogo ni wanga mtupu, ukishaingia tumboni ni sukari ileile, na mimi nimemlisha mgonjwa asubuhi na jioni. Nesi wa zamu, Mhangaza wa hapahapa, akasema mama yake naye aliwaza hivyohivyo. Sijui alikuwa ananifariji au ananicheka.

Makame njia nzima: kumbe kandambili nimekula bure.

Jumamosi, 15 Aprili

Mayai na karanga. Hivyo ndivyo daktari alivyoruhusu, na nyama, na mboga za majani.

Mayai huleta Nyirabahizi wa kijiji cha Mbuba. Alitoka Rwanda mtoto, miaka ya sitini, na sasa hawa waliokuja mwaka jana anawaita wakimbizi kama vile yeye alizaliwa na mlima. Mayai yake yote siku hizi yanakwenda kwa mashirika ya wakimbizi. Nikambembeleza. Akauliza yote hayo ya nini. Nikasema Makame kayapenda. Akasema mwanamume wa kukaangiwa mayai kila siku ni mgonjwa au ni padri. Nikahesabu mayai, na Makame si padri.

Karanga nimezitwanga mpaka zikawa unga. Mayai, chumvi, samli kidogo. Wa kwanza ukagandia, nikaukwangua kwa kisu nikala makombo. Wa pili mkaa ulikuwa mkali, nje makaa ndani uji. Wa tatu nikaacha moto upoe, nikapaka chuma samli kila tundu, nikamimina kidogo, nikageuza mapema. Ukabanduka mzima! Laini, unakunjika. Nikaweka nyama, nyanya, kitunguu, pilipili, nikafunika na mwenzake.

Makame kala kimya. Kwa Makame kimya ndiyo sifa.

Jumatatu, 24 Aprili

Sukari imeshuka. Kidonda kina wekundu mzuri, kingo zinavutana. Daktari kanipa mkono, mimi, si Makame.

Asubuhi kwenye mkanda Makame katoboa tundu jipya kwa msumari. Shati linamwelea. Nikamtazama akivaa, nikajiona fundi kweli.

Ijumaa, 28 Aprili

Zulfa kaja baada ya swala. Shikamoo dada. Marahaba. Kakaa, kanywa chai, kaangalia dari. Mwishowe: shemeji amekonda. Nikasema amepungua tu. Akasema ndiyo, hata yule dereva wa malori wa nyumba ya pili alianza kwa kupungua. Akanishika mkono akauliza, na wewe dada, umepima?

Nikataka kucheka. Nikakusanya vikombe.

Tangu barabara hii ijae malori na makambi, mtu akikonda hakuna anayeuliza anakula nini. Wanauliza analala wapi. Na mimi ndiye niliyemkondesha, kwa mikono yangu, nikijisifu kila akikaza mkanda.

Jumanne, 2 Mei

Celestini wa Nyamigogo, rafiki wa Makame, miaka yote akifika mjini hupita dukani na kunywa kahawa kwenye kikombe cha Makame. Kimoja, wanapokezana. Leo kaja na chupa yake ya maji. Kasema kahawa inamuunguza kifua.

Makame kanisimulia akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Kasema kuna mteja mwingine kamuuliza duka atamwachia nani. Hivyohivyo, kama anauliza bei ya kanga.

Jumamosi, 6 Mei

Nimevunja amri ya Makame. Nimemwambia Zulfa ukweli wote: ni sukari, daktari kasema, mguu ulikuwa ukatwe, huu mkate ndio dawa. Kasikiliza vizuri. Kasema pole dada. Kisha kasema kwa upole kabisa: hata kaka yangu marehemu alituambia ni sukari.

Nilisahau. Kila anayekonda huku anasema ni sukari. Ukweli wangu wameshautumia wengine, mimi nimefika umekwisha.

Nilimpa mikate miwili aonje. Kashukuru, kaweka kwenye kabati. Jioni nimewaona kuku wake wanaidonoa uani. Angalau kuku wameipenda.

Jumatatu, 8 Mei

Makame kala wali. Sahani nzima, mbele yangu, ananitazama usoni. Anasema atanenepa kwa Idi, watu wamwone, halafu atarudi kwenye madirisha yangu. Nikamwambia mguu hausubiri Idi. Akasema mguu una daktari, jina likioza halina. Tumegombana mpaka nikalia. Yeye naye macho yalimjaa, akatoka nje.

Kaalika mtaa mzima. Mbuzi wawili. Kataka pilau, tambi, kaimati za shira. Na mpishi ni nani? Ni mimi.

Jumanne, 9 Mei

Nimechambua mchele mchana kutwa. Kidonda kimetoa maji tena. Makame kasema nisianze.

Jumatano, 10 Mei — Idi

Naandika jikoni, karatasi imeshika samli. Wanaume wako sebuleni, nawaona kwa upenyo wa pazia. Makame kavaa kanzu pana. Kamaliza pilau sahani ya pili, na wote wanautazama mkono wake ukipanda na kushuka, wanajifanya wanaongea habari za kufungwa kwa mpaka. Celestini yupo. Kahawa imeletwa, kaipokea kwenye kikombe cha Makame, kanywa, kakirudisha. Makame kacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi wa tatu. Anapendeza. Ni kweli anapendeza, nami nina hasira naye.

Mikate yake miwili nimeioka alfajiri, nimeifunika kwa sahani hapa pembeni. Hakuna aliyeiulizia.

Zulfa ananisaidia kupakua. Macho yamemlowa, na si moshi. Anasema mtu mgonjwa hawezi kula vile, dada, tulikukosea, nisamehe. Kaniangukia begani. Nimempigapiga mgongo.

Sasa Makame mwenyewe ananiita, mama Luqmani, kaimati zimetuishia huku. Wamecheka wote kwa furaha. Zulfa kaenda mlangoni, karudi na bakuli tupu, kalishikilia mbele ya sufuria ya shira. Anasema dada, weka kalamu, leo Idi, shemeji anasubiri, mmiminie nyingi. Naweka kalamu.